Kutoka Ada ya UPE hadi Chenji ya Rada

Siku ya kwanza ya mwaka 1980, mabalozi wa nchi za nje waliokuwa Dar es Salaam walikutana na Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, kwa salamu za mwaka mpya, kama ilivyokuwa desturi. Hafla za namna hiyo kwa kawaida hazina habari: watu hutakiana heri, husifia amani, kisha kila mtu hurudi kwake. Safari hiyo mwenyeji alikuwa na lake rohoni. Aliwauliza wageni wake ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima, na ni lini mataifa yalikubali kulikabidhi uwezo wao wa kujiamulia mambo.

Kilichomfikisha hapo kilikuwa bado kibichi. Mwishoni mwa 1979 mazungumzo kati ya Tanzania na IMF yalivunjika. Nchi ilikuwa imetoka kupigana vita ya Kagera dhidi ya Uganda, bei ya mafuta ilikuwa imepaa upya, neema ya bei nzuri ya kahawa ilikuwa imekwisha, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na kila nchi ikaachiwa igharamie reli, ndege na posta zake. Fedha za kigeni hazikuwepo. IMF walikuwa tayari kutoa, kwa masharti: shilingi ishushwe thamani, mishahara isipande, serikali iache kupanga bei, milango ya bidhaa za nje ifunguliwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyewahi kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona hapakuwa na njia nyingine. Mwalimu akakataa. Mtei akajiuzulu, na miaka michache baadaye akawa anakaa kwenye bodi ya IMF hukohuko Washington.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuchagua upande mmoja wakaukalia. Mimi naona swali la Mwalimu lilikuwa sahihi na jibu lake la kiuchumi lilikuwa na kasoro. Shilingi iliyolindwa kwa amri ilizaa magendo. Viwanda vilisimama kwa kukosa vipuri, na watu wakapanga foleni za sukari, sabuni na khanga. Mwaka 1983 serikali iliwasaka wahujumu uchumi nchi nzima, na bado maduka hayakujaa. Hata hivyo swali lenyewe, kwamba nani aliyewapa watu wachache wa Washington mamlaka ya kuamua mtoto wa Tandahimba asome kwa bei gani, halikujibiwa. Kiangazi cha 1980 wachumi na viongozi wa nchi maskini na tajiri walikutana Arusha kudai mfumo mpya wa fedha duniani. Walitoa tamko zuri. Hakuna aliyelitekeleza.

Kisha ikaja Agosti 1982, Mexico ikatangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake, na dunia ikagundua kuwa tatizo si la nchi moja. Riba za Marekani zilikuwa zimepanda mno, na mikopo iliyochukuliwa miaka ya 70 kwa riba nafuu ikageuka kitanzi. Kwa Amerika ya Kusini wadai wakubwa walikuwa mabenki ya biashara. Kwa Tanzania na jirani zake walikuwa serikali za nchi tajiri, Benki ya Dunia na IMF yenyewe. Tofauti hiyo ina maana kubwa katika historia hii. Serikali zilizodai zilikutana katika kikao kinachojulikana kama Kundi la Paris, na kazi ya kikao hicho ilikuwa kupanga upya malipo. Kupanga upya kulimaanisha deni la mwaka huu linasogezwa mbele na riba inaendelea kuhesabiwa, hata juu ya ile iliyokuwa haijalipwa. Tanzania ilifika mbele ya Kundi hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1986, ikarudi tena na tena. Benki ya Dunia na IMF hawakupanga wala kufuta. Kwao ilikuwa ni mwiko: anayetukopa sisi hulipa kwanza, wengine baadaye.

Mwalimu aliondoka madarakani Novemba 1985. Mwaka uliofuata mrithi wake, Mzee Mwinyi, akasaini na IMF. Dola iliyokuwa ikiuzwa kwa shilingi kama 17 ilipanda hadi 40 kwa mpigo mmoja, na ikaendelea kupanda. Maduka yakajaa, hilo hakuna anayelikana. Watu wazima wanaikumbuka enzi hiyo ya Mwinyi, enzi ya Ruksa, kwa sabuni na mitumba. Lakini sambamba na sabuni ikaja kuchangia. Elimu ya msingi iliyokuwa bure tangu miaka ya 70 ikawa na ada, iliyoitwa ya UPE (kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote), ambayo kufikia mwisho wa miaka ya 90 ilikuwa Sh 2,000 kwa mwaka. Juu yake yalikuja yale ambayo hayakuandikwa popote: mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mtihani, wa ukarabati, pamoja na sare. Hospitali nazo zikaanza kutoza mwaka 1993. Shule zilizokuwa zimekaribia kuandikisha watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 80 zikaanza kupungukiwa, na kufikia mwaka 2000 ni watoto 6 hivi tu kati ya 10 wenye umri wa shule ya msingi waliokuwa darasani.

Katika mahojiano yaliyochapishwa mwanzoni mwa 1999, miezi michache kabla hajafariki, Mwalimu alisimulia jinsi maofisa wa Benki ya Dunia walivyomuuliza mbona alishindwa. Akawajibu kwamba Waingereza walimwachia nchi yenye wahandisi 2 na madaktari 12, na yeye akaiacha ikiwa na maelfu ya hao na hao. Tangu aondoke, kwa miaka 10 iliyotangulia Tanzania ilikuwa imefanya kila ilichoambiwa na IMF na Benki. Watoto shuleni walikuwa wamepungua, kipato cha mtu kimeshuka. Akawarudishia swali lao.

Mpaka hapo habari ni ya marais na mawaziri. Watu wa kawaida wanaingiaje?

Waliingia kwa njia ya makanisa, kwa sehemu kubwa. Mwaka 1990 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lenye makao yake Nairobi, lilitoa wito kwamba madeni ya Afrika yafutwe kwa kufuata Mwaka wa Yubile, ule wa Mambo ya Walawi sura ya 25, ambapo kila miaka 50 ardhi hurudi kwa wenyewe na watumwa huachwa huru. Karibu wakati huohuo, huko Uingereza, wazo kama hilo lilikuwa linamsumbua Martin Dent, mhadhiri wa siasa katika Chuo Kikuu cha Keele, ambaye ujana wake aliutumia Nigeria kama afisa wa serikali ya kikoloni. Akaungana na balozi mstaafu, Bill Peters. Wazee wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa ubalozi, wakaanza kuzunguka na jambo ambalo wachumi waliliona la watoto: ifikapo mwaka 2000, madeni yasiyolipika ya nchi maskini yafutwe, mara moja tu. Kampeni ikapewa jina la Jubilee 2000, na uongozi wake wa kila siku akaubeba Ann Pettifor, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Nguvu ya kampeni hiyo ilikuwa kwamba ilikuwa na tarehe. Kudai mfumo wa fedha ubadilike ni kudai kitu kisichoshikika. Mkutano wa Arusha wa 1980 ulikuwa umedai hivyo. Kudai kitu fulani kifanyike kabla ya Desemba 2000 kunamlazimu waziri atoe jibu.

Kulikuwa na hoja nyingine, chungu zaidi, kuhusu nani mkosaji. Wadai walipenda kusema kwamba aliyekopa ajue kulipa. Wanaharakati wakawajibu kwa mfano wa Zaire, Kongo ya leo, iliyotawaliwa na Rais Mobutu. Mwaka 1978 IMF ilimpeleka Kinshasa mtaalamu wa Benki Kuu ya Ujerumani, Erwin Blumenthal, akakae ndani ya Benki Kuu ya Zaire na kuinyoosha. Aliondoka baada ya mwaka mmoja, na mwaka 1982 ripoti yake ikasema bila kuficha kwamba utawala wa Mobutu umeoza kwa rushwa na wadai hawana matumaini yoyote ya kuziona tena fedha zao. Wadai waliisoma, kisha wakaendelea kukopesha, kwa kuwa Mobutu alikuwa rafiki wa nchi za Magharibi katika vita baridi. Alipokimbia Mei 1997 aliwaachia Wakongo deni la dola zaidi ya bilioni 10. Mama wa Goma au Bukavu anayeuza mihogo alikuwa ndani ya deni hilo, kwa fedha ambazo aliyezitoa alikwisha kuonywa kwamba zinaibiwa. Hoja hii ndiyo iliyoigeuza kampeni. Badala ya kuomba huruma, watu wakaanza kuuliza nani alisaini na alikuwa anajua nini.

Benki ya Dunia ilianza kulegea mwaka 1996, chini ya rais wake mpya James Wolfensohn. Kwa mara ya kwanza Benki na IMF walikubali kwamba hata madeni yao yanaweza kupunguzwa. Mpango huo, uliojulikana kwa kifupi kama HIPC, ulikuwa wa nchi maskini zenye mzigo mkubwa wa madeni, na ulikuwa mgumu kama mlango wa ghala. Nchi ilipaswa kutekeleza masharti ya IMF kwa miaka 3, ifanyiwe tathmini, itekeleze mengine kwa miaka 3 zaidi, ndipo ipunguziwe hadi kiwango ambacho wataalamu wangesema kinabebeka. Uganda ilitangulia, ikapata nafuu yake Aprili 1998. Kwa kasi hiyo mwaka 2000 ungefika huku nchi chache tu zikiwa zimeguswa.

Tarehe 16 Mei 1998 viongozi wa nchi 8 tajiri walikuwa wanakutana Birmingham. Watu kama 70,000 walisafiri hadi jiji hilo kwa mabasi na treni, wengi wao wazee wa parokia, akina mama wa makanisa ya vijijini, wanafunzi, watu ambao hawakuwahi kuandamana. Walishikana mikono wakaufanya mnyororo wa watu kuzunguka katikati ya jiji. Polisi hawakuwa na kazi. Kulikuwa na kitu kimoja cha kuchekesha: viongozi wenyewe hawakuwepo. Siku hiyo walikuwa wamepelekwa kupumzika katika jumba la kifahari la mashambani, Weston Park, na mnyororo ukawa umezunguka kumbi tupu. Lakini waandishi wa habari walikuwepo, na jioni Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, alilazimika kurudi na kukutana na viongozi wa kampeni. Deni la nchi maskini, ambalo halikuwa jambo kubwa katika mkutano huo, likawa ndiyo habari ya mkutano.

Mwaka uliofuata, Juni 1999, ilikuwa zamu ya Cologne, Ujerumani. Mnyororo tena, sahihi za mamilioni tena, na safari hii nchi tajiri ziliahidi kufuta dola bilioni 100 na kuulegeza mpango wa HIPC. Septemba mwaka huo Papa Yohane Paulo wa Pili aliwapokea wanakampeni kwenye makazi yake ya kiangazi. Mwanamuziki Bono alimpa miwani yake ya jua, na Papa akaivaa. Siku chache baadaye Rais Clinton akatangaza kwamba Marekani itafuta asilimia 100 ya kile inachozidai nchi hizo moja kwa moja. Kampeni ilipofungwa ilikuwa imekusanya sahihi zaidi ya milioni 24.

Ningeweza kuishia hapo, na ndivyo habari hii inavyosimuliwa Ulaya: watu wema waliinuka, viongozi wakasikia. Ila wapo waliokuwa wamekasirika. Novemba 1999 wanaharakati wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walikutana Afrika Kusini wakaunda Jubilee South, na kaulimbiu yao ilikuwa ya watu waliochoka kubembeleza: hatudaiwi, hatulipi. Waafrika Kusini walikuwa na sababu yao ya karibu, kwani serikali yao mpya ilirithi madeni ya makaburu, yaani waliokandamizwa walikuwa wanalipia gharama za kukandamizwa kwao. Jubilee South walisema HIPC ni masharti yaleyale ya IMF yaliyovikwa nguo mpya, na kwamba wenzao wa London wamefurahia nusu mkate mapema mno. Walikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Mpaka leo sina hakika kama nusu mkate ulikuwa ukataliwe.

Tanzania haikuukataa. Aprili 2000, chini ya Rais Mkapa, ilikubaliwa kuingia HIPC iliyolegezwa. Sharti mojawapo lilikuwa kuandika Mkakati wa Kupunguza Umaskini, tena kwa kuwashirikisha wananchi. Mwezi uliofuata zikafanyika warsha za kanda, zikiwakutanisha wanakijiji, madiwani na asasi za kiraia. Muda ulikuwa mfupi mno, asasi zikalalamika, na Oktoba mkakati ukawa umekamilika. Uliandikwa kwa Kiingereza cha Washington, ambacho hata aliyekwenda shule alihitaji kukisoma mara mbili.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ninayoiona kuwa muhimu kuliko minyororo yote ya Birmingham na Cologne. Shirika dogo la Arusha, Hakikazi Catalyst, lilichukua waraka ule likauandika upya kwa lugha nyepesi, likamwita mchoraji Masoud Kipanya auwekee katuni. Mtu wa kijijini aliweza sasa kuona, kwa picha na kwa maneno ya kawaida, serikali yake imeahidi nini ili isamehewe deni. Baadaye Hakikazi wakabuni kadi za PIMA, ambazo wanakijiji walizitumia kuandika wenyewe fedha gani zimefika kwao na zimefanya nini. Kilimanjaro, asasi iitwayo Maarifa ni Ufunguo ilikwenda shuleni na kwa wazazi kuuliza kuchangia elimu kunagharimu kiasi gani hasa. Majibu yalionyesha kwamba ile Sh 2,000 ya UPE ilikuwa sehemu ndogo tu ya mzigo. Michango ndiyo iliyowaumiza watu. Yapo maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu ada na mahitaji ya soko. Mzazi wa Rombo aliyehesabu mchango mmoja baada ya mwingine aliyajua hayo bila grafu.

Taarifa za namna hiyo zilisafiri. Wanaharakati wa Washington walizihitaji kwa sababu walikuwa wanawabana wabunge wao, na mwaka 2000 Bunge la Marekani likapitisha kifungu kinachomtaka mwakilishi wa nchi hiyo apinge mkopo wowote wa Benki ya Dunia au IMF wenye sharti la kutoza ada kwenye elimu ya msingi na afya ya msingi. Ndani ya nchi, Mtandao wa Elimu Tanzania ulikuwa unalidai hilohilo. Mwaka 2001 serikali ikafuta ada. Oktoba Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa elimu ya msingi, maana hata kufuta deni kulikuja na deni. Novemba Tanzania ikawa nchi ya 4 kukamilisha masharti ya HIPC, na ikaahidiwa nafuu ya dola bilioni 3 itakayoenea kwa miaka mingi.

Januari 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Wazazi waliwaleta watoto wa miaka 7, na wa miaka 10, na wa 13 ambao hawakuwahi kushika kalamu. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000 walizidi milioni 7 kufikia 2005. Darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 100 likawa jambo la kawaida. Wengine walisoma kwa zamu, wengine chini ya mwembe. Kamati za shule zilipewa akaunti za benki na kuamriwa zibandike mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Fundisho hilo lilitoka Uganda, ambako utafiti ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 ni asilimia 13 tu ya ruzuku isiyo ya mishahara iliyozifikia shule, na magazeti yalipoanza kuchapisha kila kiasi kilichotumwa, hali ikabadilika sana.

Ruzuku ya MMEM ilipangwa kuwa sawa na dola 10 kwa kila mwanafunzi. Ilifika pungufu, na ilifika ikiwa imechelewa. Asasi iitwayo HakiElimu ilikuwa inazihesabu hizo pungufu, tena si kwenye ripoti za kufungiwa kabatini: ilitengeneza matangazo ya televisheni na redio yaliyomwonyesha mzazi wa kawaida hali ya darasa la mwanawe. Septemba 2005, wiki chache kabla ya wakati wa uchaguzi, Wizara ya Elimu iliipiga marufuku HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Serikali ileile iliyosifiwa Washington kwa kuwashirikisha wananchi ilikuwa imegundua kwamba mwananchi akishazoea kuhesabu haachi kuhesabu anapoambiwa imetosha. Zuio halikudumu. HakiElimu iliendelea na kazi.

Kenya, kwa upande wake, ilifika pahala palepale kwa njia nyingine kabisa. Wataalamu waliamua kwamba deni lake linabebeka, kwa hiyo haikupata chochote katika HIPC. Januari 2003 Rais Kibaki alifuta ada za shule za msingi bila kusamehewa hata senti. Wanaodhani kwamba kufutwa kwa deni ndiko kulikofungua shule peke yake waikumbuke Kenya.

Julai 2005, baada ya maandamano makubwa kuliko yale ya Birmingham, nchi tajiri zilikubaliana huko Gleneagles, Scotland, kwamba nchi zilizokamilisha HIPC zifutiwe kabisa zinachodaiwa na IMF, Benki ya Dunia na Mfuko wa Maendeleo wa Afrika. Mwaka 2006 Tanzania ikafutiwa. Mwiko uliosimama tangu siku za Mwalimu ukawa umevunjwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya Tanzania kukamilisha HIPC, serikali ya Uingereza ilitoa kibali kwa kampuni ya silaha ya BAE kuiuzia Tanzania rada ya pauni milioni 28. Fedha zilikopwa Barclays. Benki ya Dunia ilisema bei imezidi, na wataalamu wa usafiri wa anga wa kimataifa wakasema mtambo wenyewe haukufaa kwa ndege za kiraia. Ndani ya baraza la mawaziri la Blair, Clare Short, waziri aliyeshughulikia misaada, alipinga waziwazi. Akashindwa. Serikali hiyohiyo iliyojivunia kufuta madeni ya Tanzania ikaipa nchi hiyohiyo deni jingine kwa mkono wa pili.

Safari hii lakini kulikuwa na watu wanaosoma hesabu. Wanaharakati wa Uingereza wanaopinga biashara ya silaha na rushwa walilishikilia jambo hilo miaka na miaka, magazeti ya hapa na ya kule yakalifuatilia, na taasisi ya Uingereza inayochunguza makosa makubwa ya ulaghai ikafungua jalada. Ikabainika kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilipitia kwa wakala wa mauzo. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, kosa lenye jina dogo kuliko yote yaliyotazamiwa. Jaji alisema mahakamani kwamba ni ujinga kuamini kuwa fedha zote hizo zilikuwa ujira wa kushawishi tu. Kampuni ikapigwa faini ya pauni 500,000 na kutakiwa kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5.

Kulipwa kwenyewe kulichukua muda. BAE walitaka wao waamue fedha zipitie wapi, wakifikiria shirika la hisani; mwaka 2011 wabunge wa Tanzania walikwenda London kudai zije serikalini. Mitaani fedha hizo zilikuwa zimekwisha kupata jina: chenji ya rada. Zilifika mwaka 2012, zaidi ya Sh bilioni 72, zikanunuliwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Wale watoto walioingia darasani kwa sababu ada ilifutwa, wadogo zao walikaa kwenye madawati yaliyotokana na rada.

Kilichobaki wazi ni wadai wa aina mpya. Mwaka 1999 kampuni moja iitwayo Donegal International ilinunua kwa dola kama milioni 3 deni ambalo Zambia iliikopa Romania kwa ajili ya matrekta mwaka 1979, kisha ikaishitaki Zambia London ikidai dola milioni 55. Mwaka 2007 mahakama iliipa zaidi ya milioni 15, fedha ambazo zingetokana na nafuu ya HIPC. Kelele za wanakampeni zikazaa sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 inayozuia kudai zaidi ya kiwango cha HIPC, lakini inahusu madeni ya zamani tu. Mikopo mipya ya Afrika tangu hapo imetoka sana kwa mabenki ya biashara, wanunuzi wa hati fungani na China, na hao hawakai Kundi la Paris wala hawasikilizi mnyororo wa watu.

Machi 2013 Tanzania yenyewe ilikopa dola milioni 600 sokoni, kwa miaka 7, kupitia benki ya Standard ya London na benki dada yake ya Dar es Salaam. Ada ya kuandaa mkopo ilikuwa iwe asilimia 1.4, ikapandishwa hadi 2.4. Asilimia ile 1 iliyoongezwa, dola milioni 6, ililipwa kwa kampuni ya hapa ambayo haikuonekana kufanya kazi yoyote. Novemba 2015 jambo hilo likafikishwa mahakamani London, benki ikakubali kulipa faini kwa Waingereza na kuirudishia Tanzania milioni 6 pamoja na riba yake. Mkopo wa milioni 600 ulibaki palepale, na Watanzania wakaendelea kuulipa.